Konokono wetu ndo aliwamaliza wenzake wa Tahiti? Nusu kweli, nusu mmerukishwa stori

Mdogo wangu mmoja wa Muheza, anasoma kilimo, kaniandikia swali ambalo nalifupisha hivi: kwenye kikundi chao cha darasa mtu katuma habari kwamba konokono mkubwa wa Afrika Mashariki, huyu huyu tunayemkuta kwenye mchicha mvua ikishakatika, ndo kawaangamiza konokono wadogo wa msituni kule Tahiti mpaka wakaisha, sasa anataka kujua ni kweli au ni maneno ya mitandaoni tu. Alafu akaongeza la kwake, je konokono wa misitu yetu kama Amani kule Usambara wako salama, na hao wanaomlia mboga nyumbani kwao awafanyeje. Kaanza na shikamoo kabisa. Marahaba mdogo wangu, tafuta pa kukaa maana hili sio la dakika mbili.

Jibu la haraka ni kwamba konokono wetu yumo kwenye kesi ila muuaji sio yeye. Muuaji ni konokono mwingine kabisa ambaye aliletwa makusudi, na wataalamu wa kilimo wa serikali, kama dawa ya huyu wa kwetu. Hapo ndo watu wakisimulia wanaruka, na mi naona hapo ndo penye stori yenyewe.

Kwanza uwajue waliokufa. Wanaitwa Partula, konokono wadogo wa mitini, wengi hawafiki hata sentimita 2 na nusu, wanaishi visiwa vya Pasifiki na hasa visiwa vya Polynesia ya Ufaransa: Tahiti, Moorea, Raiatea, Huahine na jirani zao. Mchana wamejibandika chini ya majani, usiku au mvua ikinyesha wanatembea wanalamba ukungu, kuvu na majani yanayooza, jani bichi hawana habari nalo kwa hiyo mkulima hawajawahi kumdhuru hata siku moja. Kila kisiwa kina wa kwake, kuna mpaka bonde lina aina yake na bonde la pili kuvuka kilima wana rangi tofauti au gamba limejisokota upande wa kushoto badala ya kulia. Kwa ajili hiyo wanasayansi waliwapenda sana, Mmarekani Henry Crampton alianza kuwafuata huko mwanzoni mwa karne ya 20 akakusanya na kupima magamba kwa maelfu, akatoa vitabu vizito, na miaka ya 1960 wakaja kina Bryan Clarke na James Murray kusoma jinsi aina moja inavyogawanyika kuwa mbili. Yaani ilikuwa maabara ya mageuko iko hai msituni. Wenyeji nao walikuwa na matumizi yao, magamba yalitungwa shanga.

Sasa wa kwetu. Achatina fulica asili yake ni ukanda huu wa Afrika Mashariki, akapelekwa visiwa vya Bahari ya Hindi, Madagaska, Mauritius na kwingine, na mwaka 1847 jamaa mmoja, William Benson, alibeba wachache toka Mauritius akawaacha kwenye bustani Calcutta, India. Hapo ndo ilikuwa imekwisha. Konokono akaenda Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, akaenda Asia ya Kusini Mashariki, Wajapani wakamsambaza visiwa vya Pasifiki wakimfuga kama chakula na dawa, Hawaii akafika 1936 na Tahiti 1967. Mwenyewe unamjua, anataga mayai mia na zaidi kwa mkupuo mmoja na anakula karibu kila kinachoota, miche ya mipapai, mboga, maboga, mpaka chokaa ya ukutani anakwangua akitafuta kalsiamu ya gamba. Miaka michache tu wakulima wa Tahiti wakawa wanalia, na hawakuwa wanatia chumvi, huyu mdudu akizidi anakera kweli.

Serikali ikatafuta dawa. Dawa yenyewe ikawa Euglandina rosea, konokono mla konokono anayetoka kusini mashariki mwa Marekani, Florida na majirani zake, ana gamba lenye rangi ya pinki hivi, refu, na mdomoni ana kama masharubu mawili anayotumia kunusa ute. Anavyowinda ni kwamba akikuta njia ya ute anaigusa na yale masharubu, anajua umeelekea wapi, anakufuata, na kwa viwango vya konokono huyu anakimbia. Mdogo anamezwa mzima na gamba lake, mkubwa anaingiliwa ndani anatafunwa humo humo. Hawaii walishamleta 1955 kwa kazi hiyo hiyo. Tahiti akaachiwa 1974, Moorea 1977.

Shida iko wapi? Achatina aliyekomaa ni mkubwa mno kwake, na chini ya kivuli cha msitu kuna Partula wadogo laini hawana ulinzi wowote, sasa mwindaji gani ataacha chakula cha kumeza mara moja aende kupigana na jitu. Ni kama kuleta chatu akumalizie panya stoo, yeye akaanza na vifaranga. Na hakuna ushahidi wa maana kwamba hata alimpunguza Achatina, kuna sehemu nyingi Achatina alipungua mwenyewe baada ya miaka bila Euglandina kuwepo.

Kina Clarke na wenzao walikuwa wanarudi Moorea kila baada ya muda kwa utafiti wao wa kawaida, wakajikuta wanapima kitu kingine: ile mipaka ya Euglandina inasogea kama kilomita 1.2 kwa mwaka kuvuka kisiwa, na kila ilipopita hakubaki kitu. Kisiwa hiki sio kikubwa, ukipiga hesabu unaona mwisho wake lini. Moorea ilikuwa na aina 7 za Partula. Mwaka 1987 msituni hakuna hata mmoja. Miaka 10 mdogo wangu, toka kuachiwa mpaka sifuri! Raiatea ambako kulikuwa na aina zaidi ya 30 nako mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yakaisha hivyo hivyo.

Utaniuliza mbona hawakuzaana wakafidia. Hapa ndo pa kuelewa vizuri maana ndo hatari yenyewe kwa konokono wengi wa misitu ya tropiki, sio hao tu. Partula hatagi mayai mia, anazaa mtoto hai, mmoja mmoja, kila baada ya wiki kadhaa. Achatinella, konokono wa mitini wa Hawaii, wanazaa polepole zaidi, wanachukua miaka kadhaa kabla hawajakomaa alafu watoto kwa mwaka ni wa kuhesabu kwa vidole. Utaratibu huo unafanya kazi vizuri tu kama unaishi miaka mingi na hakuna anayekuwinda, na wao kwa mamilioni ya miaka hakuwepo mwindaji wa namna ile. Ukiua wazazi wachache kila mwezi kundi haliwezi kurudi. Alafu hawahami. Konokono wa mti wa aina hii anaweza kumaliza maisha yake kwenye miti michache tu, kwa hiyo kundi la bonde likifa, halijazwi na kundi la bonde la pili kama ndege wangefanya.

Euglandina ndo alipiga pigo kubwa ila hakuwa peke yake. Kuna mnyoo bapa wa New Guinea, Platydemus manokwari, nao pia umesambazwa Pasifiki kwa sababu unakula konokono, na unapanda mitini. Kuna sisimizi wadogo wa moto ambao Tahiti waligundulika 2004. Kuna mti wa Miconia, mzuri kwa kuangalia, majani mapana chini yake zambarau, uliingizwa kwenye bustani Tahiti 1937 na leo umetapakaa zaidi ya nusu ya kisiwa, unaweka giza chini mimea ya asili inakosa nafasi. Na panya, panya kila mahali.

Ukame nao. Hapa nakupeleka karibu na kwetu, Aldabra, kisiwa cha Shelisheli. Kuna konokono wa huko mwenye milia, Rhachistia aldabrae, alionekana mara ya mwisho 1997, mwaka 2007 ikaandikwa kwamba katoweka kwa sababu mvua zimepungua na wadogo wanakufa kabla ya kukua, watu wakamtaja sana kama mfano wa tabianchi kuua kiumbe, kisha Agosti 2014 akaonekana tena yuko hai kwenye vichaka visivyopitika. Kelele zilipigwa. Mi sioni kama hiyo inafuta hoja ya mvua, konokono mdogo ana gamba jembamba na maji kidogo mwilini, kiangazi kikirefuka anakauka yeye kwanza, ila inakuonyesha kwamba kutangaza kifo cha kitu cha sentimita 2 ndani ya vichaka ni kazi ngumu.

Na usifikirie kesi ya Afrika Mashariki imeishia kwa Achatina. Kabla ya Euglandina kushika chati, wataalamu wa Pasifiki walikuja Kenya kuchukua konokono wala nyama, mmoja anaitwa Gonaxis kibweziensis, jina la Kibwezi ile ile ya njia ya Mombasa, akapelekwa kisiwa cha Agiguan, visiwa vya Mariana kule Pasifiki, mwaka 1950 kwa majaribio, baadaye na Hawaii. Alafu kinyonga. Yule mwenye pembe tatu wa milima ya Kenya, kinyonga wa Jackson, aliingizwa Oahu, kisiwa cha Hawaii, mwaka 1972 kwa biashara ya wanyama wa kufuga, wakatoroka wakazaana, na miaka ya karibuni wakipasuliwa matumbo wanakutwa na Achatinella ndani. Achatinella wenyewe aina zote 41 ziliwekwa kwenye orodha ya walio hatarini Marekani mwaka 1981, na nyingi ya hizo leo hazipo. Achatinella apexfulva wa mwisho kujulikana, waliyempa jina la George, alikufa siku ya mwaka mpya 2019 akiwa na miaka kama 14, peke yake kwenye kiboksi maabara.

Sasa kuna walioponea chupuchupu na hii sehemu mi naipenda. Waliposhtuka miaka ya 1980 kwamba Moorea inaisha, wanasayansi walibeba waliobaki wakawagawa kwenye maabara na bustani za wanyama, London, Jersey, Edinburgh na Marekani. Ndani ya vidumu vya plastiki. Na humo nako sio salama hata kidogo, Partula turgida wa Raiatea walikuwa wamebaki London tu, wakapata vimelea, wakawa wanapukutika mpaka mmoja, akafa Januari 1996, na hiyo inatajwa kuwa mara ya kwanza kwa sayansi kuandika aina nzima ya kiumbe ikimalizwa na maradhi. Partula faba, ambaye Wazungu walimfahamu toka safari ya Kapteni Cook ya 1769, wa mwisho kafia Edinburgh 2016. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema si wapo kwenye bustani za wanyama basi wasiwasi wa nini, mwambie kundi dogo lililofungiwa lina magonjwa yake, lina uzao wa ndugu kwa ndugu, na mlezi akikosea chakula mwezi mmoja umekwisha.

Kuwarudisha ndo balaa lingine. Mwaka 1994 walijenga uzio Moorea, wenye mtaro wa chumvi na nyaya za umeme ili Euglandina asivuke. Wazo zuri kwenye karatasi. Msitu wa mvua lakini unaujua, matawi yanaanguka kila siku, tawi likilala juu ya uzio hilo ni daraja, mwindaji akaingia. Baadaye wakabadilisha mbinu. Kuanzia 2015 wanawarudisha Partula kwenye mabonde ya Tahiti na visiwa jirani kwa maelfu, wanawapiga doti ya rangi nyekundu inayong'aa kwenye mwanga maalumu ili usiku wakiwamulika waonekane, maana kutafuta kitu cha sentimita 2 chini ya jani gizani bila hiyo ni mateso. Na 2024 Moorea wakakuta Partula tohiveana wakubwa wasio na doti. Wasio na doti! Maana yake wamezaliwa msituni wamekulia msituni, hao waliokuwa wamehesabiwa wametoweka porini, na hadhi yao ikabadilishwa toka kutoweka porini kwenda hatarini mno, na kwenye kazi hii kupanda huko ni sherehe.

Kinachoweza kusaidia kujua pa kuwalinda ni jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Kuna Partula mmoja mweupe, hyalina, aliendelea kuwepo mabondeni Tahiti miaka yote wakati wenzake wanaisha, watu wakawa wanajiuliza ana nini. Cindy Bick na Diarmaid Ó Foighil wa Chuo Kikuu cha Michigan walihisi ni jua: gamba jeupe linarudisha mwanga, huyu anaweza kukaa pembezoni mwa msitu penye jua ambako Euglandina hawezi. Mwaka 2017 wakaenda na vikompyuta vya milimita 2 kwa 5, wakavigundisha mgongoni mwa Euglandina, hyalina kwa kuwa analindwa hawakuruhusiwa kumgundisha wakaviweka kwa sumaku kwenye majani anapolala. Wakakuta anapokaa hyalina panapata mwanga kwa wastani mara 10 ya anapopita mwindaji. Kwa hiyo ule ukingo wa msitu unaotazamwa kama kichaka cha kufyeka ndo maficho yao, ukifyeka kingo kupanua barabara au shamba umeondoa walipojificha waliobaki. Uzio wa kweli ulikuwa ni jua tu, na lipo bure.

Haya, Amani. Misitu yetu ya Tao la Mashariki, Usambara, Uluguru, Nguru, na ng'ambo ya pili Taita, ina konokono wengi ajabu ambao hawapatikani pengine popote, wengi wadogo mno, milimita kadhaa tu, wanakaa kwenye majani makavu chini. Kuna ukoo mmoja, Gulella, wenye gamba jeupe na meno mdomoni, hao ni wawindaji wadogo na Afrika Mashariki ndo kitovu chao. Ona tofauti: huku wawindaji wapo toka zamani, wanaowindwa wamezoeana nao, ndo maana stori ya Moorea haijatokea Usambara. Hatari ya kwetu ni nyingine, na ni ya kawaida mpaka inachosha kuisema, msitu kukatika vipande. Taita umebaki vipande kama Ngangao, Mbololo na Chawia, vingine vidogo kiasi cha kuvizunguka kwa mguu mara moja. Konokono wa chini anahitaji unyevu na tabaka la majani yanayooza, ukifungua kivuli upepo na jua vinaingia pembeni tabaka linakauka, na kama nilivyosema, yeye hahami. Anaweza kuisha wakati miti mikubwa bado imesimama na picha ya satelaiti inaonyesha kijani kibichi.

Moto na kuokota kuni mpaka ardhi ibaki tupu ni hivyo hivyo. Miti ya kigeni iliyopandwa, Amani unamjua Maesopsis alivyotapakaa toka kwenye mashamba ya majaribio, inabadilisha majani yanayoanguka na udongo wenyewe. Na mawe ya chokaa. Konokono wanapenda chokaa kwa ajili ya gamba, kwa hiyo vilima na misitu juu ya mawe hayo, Kimboza kule Morogoro kwa mfano, vinakuwa na viumbe vya kipekee, na mawe hayo hayo ndo wachonga kokoto na viwanda vya saruji wanayataka. Kilima kikisagwa hakuna mbegu utakayorudisha. Binafsi naliogopa hili kuliko yote kwa sababu linachukua muda mfupi na hakuna anayelia.

Shida nyingine ambayo haisemwi ni kwamba wanaowajua hawa viumbe kwa jina hapa kwetu ni wachache sana. Marehemu Bernard Verdcourt, mtu wa mimea kwa kazi yake, ndo aliyeandika sehemu kubwa ya tunachojua, na makumbusho ya Nairobi yana makusanyo ya magamba ambayo mwanafunzi kama wewe unaweza kujaribu kuomba kuyaona. Kuna aina zinajulikana kwa magamba machache tu ya mahali pamoja.

Tumalizie shambani kwenu. Hao wanaokula mchicha waokote kwa mkono jioni au alfajiri baada ya mvua, vaa glavu au mfuko wa plastiki kwa sababu wanaweza kubeba vimelea vya mnyoo wa mapafu ya panya unaoshambulia ubongo wa mtu, mboga za majani zioshwe vizuri na watoto wasiwachezee. Wamwagie maji ya moto kisha wafukie, chumvi usimwage shambani utaharibu udongo. Toa mbao, matofali na nyasi zilizolundikana kitaluni wanapolala mchana, chimbachimba udongo ukikuta mayai ya njano kama punje uyaponde. Bata pia wanafanya kazi nzuri kwa wadogo. Dawa ya punje za sumu kama huna ulazima achana nayo, hasa kama shamba linapakana na msitu, maana haichagui nani mharibifu na nani wa msituni. Na akitokea mtu anakuuzia konokono, mnyoo au mdudu wowote toka nje eti atawala hao, mpeleke ofisi ya kilimo kabla hajafungua boksi.

Ukikuta msituni konokono usiyemjua piga picha, weka sarafu pembeni ionekane ukubwa, piga na upande wa mdomo wa gamba maana hapo ndo tunamtambulia, andika ni kwenye jani, gome au chini, kisha mrudishe hapo hapo ulipomtoa sio mti wa jirani. Nitumie, nikiweza nitakwambia ni nani.